Nguo za Miezi Mitatu

Mwezi uliopita kundi la WhatsApp la familia yetu liligawanyika kambi mbili kwa sababu ya nguo za mtoto ambaye hata hajazaliwa. Binti wa dada yangu, mimba yake ya kwanza, aliweka orodha ya vitu anavyohitaji ili ndugu tugawane, na mwishoni akaandika: "Jamani, mitumba hapana." Wifi yangu mmoja, aliyekuza watoto watano kwa mitumba ya soko la Karume, akauliza kwa upole wenye sumu kama wanawe waliwahi kuonekana na upele ambao yeye hakuuona. Ubishi ukaenda mpaka saa sita usiku. Wapo waliosema kichanga ni malaika, hastahili kuvaa jasho la mtu. Wapo waliosema duka la vioo linakuuzia jina na kiyoyozi. Mimi nilinyamaza, maana kila nilipoanza kuandika niliona ninalotaka kusema halienei kwenye simu.

Orodha yenyewe ingemshangaza marehemu mama yangu. Kwetu Pangani mtoto hakununuliwa nguo kabla hajatoka tumboni. Kufanya hivyo kulikuwa kumtangulia Mungu. Siwacheki wazee. Miaka hiyo mimba haikuwa ahadi, na hakuna mwanamke aliyetaka kurudi nyumbani mikono mitupu akakute vikofia vimepangwa kitandani vinamngoja mtu. Mtoto alipokewa kwa khanga, tena khanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka dondo lote likatoka. Mpya iliachwa kwa mama mtu ajifunge. Jambo hilo nililiona tangu nikiwa mdogo bila kulifikiria: kitambaa bora kwa ngozi changa kilikuwa kile kilichokwisha kuvaliwa na mwingine.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Dar es Salaam 1983, mwaka ambao kipande cha sabuni kilikuwa habari ya mtaa mzima. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini nchi ilikuwa haijapona. Sukari, mafuta, khanga, vyote kwa mgawo kwenye maduka ya kaya, na foleni ukiipanga usiku. Ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Kuna watu walitupa mali vichakani usiku kwa kuogopa kukutwa nayo. Tulikuwa tukikaa Ubungo, karibu na Urafiki, kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi 1968. Urafiki walitoa khanga na vitenge. Kichanga hakikuwa kwenye hesabu zao.

Nguo za mwanangu zilitoka sehemu mbili. Ya kwanza ni bafta. Mama mdogo alipata kipande kwa njia ambayo sikumwuliza, akampelekea fundi, fundi akakata nepi na vifulana vyeupe vya kufunga kwa kamba mgongoni. Ya pili ni sanduku la bati lililozunguka katika ukoo wa mume wangu. Lilikuja kwa basi kutoka Morogoro, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na sweta za sufu, suruali fupi zenye mikanda ya mabegani, magauni yaliyopindwa na kupinduliwa tena. Sanduku halikuwa mali ya mtu. Ukilipokea unaongeza nguo moja au mbili, unaondoa iliyokwisha kabisa, na mwanao akianza kutembea linapanda basi kwenda kwa mwenye tumbo anayefuata. Aliyekaa nalo muda mrefu alisemwa.

Hesabu ya sanduku lile niliielewa baadaye, nilipoanza kukaa na kadi za kliniki. Mtoto huzaliwa na urefu wa sentimita 50 hivi, na akitimiza mwaka huwa amefika kama 75. Uzito wake huwa mara mbili karibu na mwezi wa tano, na mara tatu kwenye mwaka. Hakuna kipindi kingine cha maisha mtu anakua namna hiyo. Kwa hiyo nguo ya miezi mitatu inavaliwa wiki chache tu, na mvaaji wake hatambai, hapandi mti, hakai kwenye vumbi. Anatapika maziwa, basi. Nguo hiyo inamwacha mwenye nayo ikiwa bado nzima.

Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akashika nchi. Ruksa hiyo ilipofika mitaani ilifika imevaa mitumba. Nilipojifungua mara ya pili, 1987, Manzese ilikuwa imeshajaa nguo za nje zilizotandazwa chini juu ya maturubai. Watu waliziita kafa Ulaya, na wengi waliamini kweli kwamba zimevuliwa maiti. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Nilirudi na vijinguo vichache vya flaneli, akavikamata mlangoni. "Mjukuu wangu hatavishwa sanda ya Mzungu," alisema, na alimaanisha.

Nilimwachia. Alikaa navyo uani, miwani puani, akivigeuza kimoja kimoja. Akakagua magoti. Akakagua viwiko. Akaingiza kidole shingoni akatafuta uchafu ule wa mkunjo, hakuukuta. Kifua kilikuwa na doa hafifu la rangi ya chai, la maziwa. Suruali moja ilikuwa imeongezwa pindo kwa mkono, kwa uzi usiofanana na kitambaa, kazi ya mwanamke aliyekuwa akitaka ifike mwezi mmoja zaidi. Mama mkwe aliliangalia pindo lile kwa muda mrefu kuliko vingine vyote. Kisha akasema, kama hakimu: "Huyu hakufa. Huyu alikua tu." Akaagiza maji ya moto.

Kuanzia siku hiyo ndiye aliyekuwa mkali wa utaratibu. Kuloweka kwa maji ya moto na dawa, kufua mara mbili, kuanika juani, na kupiga pasi ya mkaa kila kipande, hata nepi, ndani na nje. Pasi haikuwa ya urembo. Huku kwetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, na funza wake huingia ngozini mwa mtoto na kuvimba kama jipu. Joto la pasi ndilo linaloyaua mayai. Hilo linahusu nguo ya mtumba na ya dukani sawasawa, maana nzi haangalii lebo. Nashangaa wazazi wa leo wanaolipa fedha nyingi dukani halafu wanamvalisha mtoto nguo moja kwa moja kutoka kwenye kamba.

Mitumba ya watoto, kwa jinsi ninavyoiona, ni lile sanduku la bati la Morogoro, ila limevuka bahari na njiani limekutana na watu wa ushuru. Tofauti ni kwamba hulijui tumbo lililotangulia, wala halikujui.

Shule yangu hasa ilikuwa Karume, Ilala, katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na mtoto wa tatu. Mwalimu alikuwa kijana mmoja wa kimachinga asiyekuwa na mke wala mtoto, lakini alijua nguo za vichanga kuliko wauguzi wengi. Alikuwa akifungua robota alfajiri. Robota la kawaida lina kilo 45, na la watoto lina vipande vingi mno kwa sababu kila kimoja hakifiki uzito wa embe. Kamba zikikatwa, wanawake wenye maduka yao huko Sinza na Kinondoni walikuwa wamekwisha kujipanga, wanachukua gredi ya kwanza kwa bei ya juu. Baada yao tunaingia sisi wa nyumbani. Jua likishapanda zinabaki za chagua chagua, na jioni ni lundo, bei moja.

"Mama, usiangalie ua hilo la kifuani," aliniambia mara ya kwanza, "angalia bega." Akaishika fulana moja ya kufungia chini ya nepi, akanionyesha jinsi kitambaa cha mabegani kilivyopishana. Miaka yote nilidhani ni mtindo. Akaitanua shingo kwa vidole, ikafunguka kama mdomo, akaishusha fulana kwenye chupa ya maji kutoka juu mpaka chini. Kumbe imeshonwa hivyo ili mtoto akijiharishia mpaka mgongoni, uivue kwa kuishusha kupitia miguuni, usimpitishie kinyesi usoni. Nilikuwa mama kwa zaidi ya miaka kumi na hakuna aliyewahi kuniambia.

Akanifundisha kuchomoa uzi kwenye pindo la ndani na kuuchoma kwa kiberiti. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu. Poliesta inayeyuka na kuacha kashanga kagumu keusi. Akanifundisha kuvuta vifungo vya kubonyeza kimoja kimoja, kwa sababu kinachotoka mkononi mwako kitatoka mdomoni mwa mtoto. Na kofia yenye kamba ya kukaza shingoni, alikuwa akiing'oa kamba hapo hapo mbele ya mteja.

Namba nazo alizisoma kama mhasibu. Za Marekani zinahesabu miezi: 3M, 6M, 12M, halafu zinaingia 2T na 3T za watoto wanaotembea. Za Ulaya, 56, 62, 68, 74, 80, ni urefu wa mtoto kwa sentimita, na hizo ndizo za kuaminika, kwa sababu miezi haivai nguo. Watoto wetu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana namba mbili nzima. Mpime mwanao kwa futikamba ya fundi kabla ya kutoka nyumbani, alisema, halafu njoo unitajie sentimita. Siku hizi nikiingia kwenye maduka yenye taa nzuri nauliza sentimita, na binti anayeuza ananijibu, "Bibi, hii ni ya miezi sita, inamtosha." Hajamwona mtoto.

Miaka ya elfu mbili Kariakoo iligeuka. Wafanyabiashara wetu walianza kupanda ndege kwenda Guangzhou, na nguo za watoto zikaanza kuja mpya kwa makontena. Sehemu kubwa ya nguo za watoto za China hushonwa katika mji mmoja, Zhili, jimbo la Zhejiang, uliojaa karakana za kazi hiyo tu. Baadaye zikafuata za Uturuki, ambazo mpaka leo muuzaji akitaka kukupandishia bei anakunong'oneza "hii Uturuki" kama anakupa siri. Nyingine ni nzuri kweli, sina ugomvi nazo.

Ugomvi wangu ulianza mkesha wa Idi mmoja, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Usiku ule mtaa hauendi kwa miguu, unabebwa. Wifi yangu mwingine, wa Temeke, alikuwa akimtafutia bintiye wa mwaka mmoja na nusu gauni la sikukuu, na alilipata: jeupe, la neti matabaka matabaka, lenye ushanga shingoni na mkanda wa dhahabu mgongoni. Lilikuwa na bei ya kuzidi vazi la mama mwenyewe. Asubuhi baada ya swala mtoto alivikwa, akapigwa picha, akasifiwa nyumba hadi nyumba. Ilikuwa joto la Dar lile la kabla ya mvua. Kufika adhuhuri alikuwa akijikuna kwapani na kulia kilio cha kukatika, na tulipomvua, harara ilikuwa imemwota shingo nzima na mgongo, ushanga umemwachia alama. Alimaliza sikukuu yake kwa chupi na ubwabwa, mwenye furaha kuliko sote.

Wifi yangu alikuwa na uwezo wake na mapenzi yake, na Idi bila nguo mpya kwa mtoto ni Idi gani? Lakini tangu siku ile nimekuwa nikitazama nguo ya mtoto na kujiuliza imenunuliwa kwa ajili ya ngozi ya nani na macho ya nani. Ndiyo sababu ile ile inayofanya kichanga cha Mbagala mwezi wa pili kivikwe sweta, kofia, soksi, glovu, kisha kizungushiwe blanketi la manyoya kama kimezaliwa Makete. Wageni wanakuja, mtoto lazima aonekane ametunzwa. Naye hana namna ya kusema amechoka na joto, isipokuwa kulia, nasi tunasema ana njaa.

Wanaokataa mitumba kwa vichanga wana hoja moja ambayo siipuuzi. Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani zilizotumika, na kwa mtoto wa miezi miwili kila nguo ni nguo ya ndani. Kwa hiyo nina mipaka yangu. Soksi, chupi, vesti za kugusa mwili na nepi za kitambaa nanunua mpya, za pamba, nafua kabla hazijavaliwa. Suruali, ovaroli, sweta, magauni, makoti ya watoto wanaokwenda Arusha au Mbeya, nachukua Karume bila aibu yoyote. Pale robota linanipa kitambaa ambacho Kariakoo sikipati kwa bei mara tatu.

Wengine wanakataa kwa ajili ya viwanda vyetu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo za mitumba ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia soko lake bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda peke yake ikakaza, ikabaki na ushuru iliokuwa imeupandisha kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo, na 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafasi ile. Nakumbuka nilivyosisimka wakati ule. Nilidhani sasa tutaona fulana ya kichanga iliyoandikwa Shinyanga.

Nilikwenda kwa fundi wangu wa Mwenge na fulana ya mfano, ile ya mabega ya kupishana, nikamwomba anishonee kama ile. Aliivuta, akaiachia, akacheka. "Mama, hiki kitambaa kinavutika. Cherehani yangu hii itaruka nyuzi, haishoni kitu kinachovutika. Hapa panatakiwa ovaloki, na kitambaa chenyewe sikijui kinakouzwa." Hapo ndipo nilipofunguka macho. Viwanda tulivyovililia vilifuma khanga, vitenge na mashuka, vitambaa visivyovutika. Nguo ya mtoto ni ya kitambaa kilichosukwa ili kivutike. Ukifunga mlango wa mitumba kesho, mwenye kichanga hatakwenda Urafiki. Atakwenda Mtaa wa Kongo kununua poliesta ya kontena.

Na si kwamba hatuwezi. Simiyu, Shinyanga na Mwanza zinalima pamba, na sehemu kubwa yake inapelekwa nje ikiwa ghafi. Morogoro pamekuwa na kiwanda kinachoshona nguo za michezo, za kitambaa hicho hicho cha kuvutika, kwa ajili ya wateja wa Marekani. Mikono ipo na pamba ipo. Ambacho sijakiona ni mtu wa kukaa chini na kusema watoto wa nchi hii nao ni soko. Wanazaliwa kila siku, na kila mmoja anabadilisha saizi tano kabla ya kutimiza mwaka.

Januari 2022 Karume iliungua usiku kucha. Kijana wangu wa mabega, sasa mtu mzima mwenye mvi na watoto wake, alipoteza meza na marobota mawili ambayo hayakuwa yamefunguliwa. Nilimpigia simu kumpa pole. Siku hizi anauza kwa picha mtandaoni, bodaboda inakuletea mlangoni. Anaandika sentimita chini ya kila picha na anapiga picha ya bega kwa karibu. Wauzaji wengi wa kwenye simu wanakuonyesha mtoto wa Kizungu anayecheka, halafu unaletewa kitu kingine. Kabla hujatuma fedha, omba picha ya lebo, ya mshono wa ndani na ya vifungo. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu lako.

Kwa wanaojiandaa kumwona mzazi wiki hii nina ombi. Saizi ya kichanga ameshaletewa na kila mtu, na nusu yake haitavaliwa. Peleka ya mwaka mmoja, ya pamba, isiyo na kamba shingoni wala ushanga. Na mtoto wako akishaiacha nguo, usiifungie kabatini kwa ukumbusho: mtafute mwenye tumbo, mpe ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, umwambie na yeye asikae nayo.